Uyoga Asioujua Wifi Yangu

Mimi si mtu wa kumsifu wifi. Tangu lini mtu akamsifu mke wa kaka yake bila kushikiwa fimbo? Kazi ya wifi ni kukagua: chumvi imezidi, pazia limekaa upande, mtoto kavalishwa shati nyuma mbele. Kazi hiyo naifanya kwa moyo mmoja, na mtaa mzima unanijua. Kwa hiyo mkinisikia namsifu huyu mwanamke, mjue nimetafuta pa kumshikia nikakosa.

Mtaani kwetu anaitwa Mama Sijui. Jina hilo sikulibuni mimi, na mpaka leo naona wivu, maana nilistahili kulibuni. Lilitoka kwa muuza mkaa wa pale kona, nitawaambia lilivyokuja. Kwanza mjue kazi yake.

Anafanya kazi kwenye kituo cha kulea wanyama yatima, kule lami inakoishia na msitu kuanza. Yeye ni mpishi. Si mpishi wa wafanyakazi, hapana, ni mpishi wa wanyama wenyewe. Kaka yangu, ambaye ni fundi bomba, alikwenda kule kuziba bomba la jikoni, na ndiko alikomwona: kavaa aproni ya plastiki hadi magotini, anakata karoti za nungunungu, na kifuani ndani ya aproni kuna kindi mchanga amewekwa apate joto. Kaka alirudi nyumbani bila spana zake. Kesho yake akaenda kuzichukua, akazisahau tena. Mama akasema, "Huyu hajasahau spana. Huyu kuna jambo." Hazikupita mvua mbili, jambo lenyewe likahamia kwenye vile vyumba viwili vya nyuma ya nyumba yetu.

Lile jiko lake la kazini nalijua vizuri. Meza ya bati, ndoo za rangi rangi, nyekundu ya nyama, kijani ya majani, bluu ya maziwa. Chupa za kunyonyeshea watoto wa wanyama zimepinduliwa kwenye waya zikauke. Ukutani kila kisu kina msumari wake. Siku moja nilikwenda kumpelekea ufunguo, nikasema ngoja nimsaidie, nikachukua kisu nikakata tikiti la kulisha paa. Kumbe nimechukua cha nyama. Hakunifokea. Alilitupa tikiti zima, akakiosha kisu, akakirudisha kwenye msumari wake, kisha akaniambia kwa upole, "Ahsante wifi, keti tu." Hiyo "keti tu" ninayo rohoni mpaka leo.

Haya, turudi kwenye uyoga. Mvua zikianza, watu wa mtaani kwetu hawalali. Wanaingia msituni na vikapu, wanarudi na kila chenye kofia. Wifi yangu alilelewa na bibi yake, mama yake hakumjua kabisa, na huyo bibi alimfundisha kuchuma uyoga wa kichuguu, ule unaoota juu ya vichuguu vya mchwa, shina lake refu limezama ndani ukilivuta unadhani halina mwisho. Huo akiuleta nyumbani, tunalamba sufuria. Basi watu wakaona, aha, huyu ni bingwa wa uyoga, wakaanza kumletea vikapu vyao avikague. Yeye huugeuza uyoga, hutazama chini ya kofia, hutazama shina, huunusa. Kama ni wa kichuguu atakwambia, "Huu naujua, kaule." Kama ni mwingine wowote, atakurudishia. "Huu siujui."

Muuza mkaa siku hiyo alimletea mfuko umejaa.

"Una sumu?" akauliza.

"Sijui."

"Basi unaliwa."

"Sijui."

"Sasa wewe mama unajua nini?"

"Nakujua wewe una watoto. Usiupike."

Muuza mkaa aliondoka akinung'unika, "Mama Sijui huyu!" Kufika jioni jina lilikuwa limezunguka mpaka kwa kinyozi. Na mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia, "Wifi, hata mganga wa uongo akiona mgonjwa anampa angalau majani. Wewe hutoi chochote." Akacheka. Akasema, "Bibi alinifundisha mmoja tu, wifi. Angejua wawili, angenifundisha wawili."

Kulikuwa na jambo jingine lililomtia woga, na alitusimulia mara nyingi. Pale kituoni kuna kobe mkubwa wanayemwita Mzee. Siku moja baada ya mvua, Mzee alikuta uyoga mweupe umeota karibu na bomba, akautafuna taratibu mpaka shina, akaendelea na safari zake. Hakupata hata kiungulia. Mbwa wa mlinzi naye akala mwingine ulioota pembeni yake. Siku ile mbwa alishinda vizuri, akala, akabweka. Siku iliyofuata akaanza kutapika, na hakupona. Wifi alimwuliza daktari wa wanyama wa pale kituoni, ilikuwaje kobe akapona na mbwa akafa. Daktari akavua miwani, akasema matumbo yao hayafanani, na kuhusu ule uyoga wenyewe yeye pia hawezi kuapa. Wakaung'oa wote wakauzika. Wifi anasema siku ile alimheshimu yule daktari kuliko siku zote.

Mama yangu kisa hicho hakikumwingia. "Mbwa ni wa kufugwa," alisema. "Amezoea makombo, pua yake imelala. Mnyama wa porini hakosei. Mama yangu alituambia, tazama alichouma ngedere, chuma kilichobaki. Tumelelewa hivyo, na mimi hapa ninapumua."

Mama ndiye mwenye nyumba. Alitulea kwa kufua nguo za watu, mikono yake mpaka leo ina ngozi kama ya vidole vilivyolala kwenye maji. Hapendi kubishiwa. Lakini wifi alimpenda, na hapa sitanii: alimpenda mpaka mimi aliyenizaa nikaanza kuhesabu minofu kwenye sahani. Wakiwa jikoni pamoja, mmoja anachambua mchele, mwingine anamenya karanga, wanacheka vitu ambavyo ukiingia vinakatika. Wifi alimwita mama, na neno hilo kwake halikuwa la adabu tu. Aliwahi kuniambia, "Wifi, mimi nimelipata neno hili ukubwani. Kila nikiliita na mtu akaitika, najisikia kulia." Nikamwambia aache uchuro. Lakini nilikwenda kulia mimi, chooni.

Sasa ndipo siku ya wakwe ikafika.

Mdogo wetu wa mwisho alipata mchumba, na wazazi wa mchumba wakasema watakuja kutuona, tufahamiane, tule pamoja. Mama alisafisha nyumba mpaka mende wakahama. Mimi nilishona vitambaa vipya vya makochi, cherehani haikupoa. Asubuhi ya siku yenyewe mama akatoka na kikapu, akarudi kimejaa uyoga. Mweupe, mnene, unapendeza kwa macho. Akaukaanga kwa kitunguu na nyanya, harufu ikafika barabarani. Mimi mwenyewe nilizunguka ile sufuria kama nzi.

Wageni wakaja, baba mkwe mwenye mkongojo, mama mkwe mwenye miwani minene, na mchumba mwenyewe amekaa wima utadhani anapigwa picha. Soda zikafunguliwa. Wifi akaingia kwa mlango wa nyuma, ametoka zamu, hajavua hata buti. Akanawa mikono, akafunua sufuria ili anuse, na uso ukambadilika.

"Mama, uyoga huu wa wapi?"

"Wa kule nyuma ya machimbo ya kokoto. Usiogope, ngedere walikuwa wanaula, nimewaona kwa macho yangu. Tazama." Akatoa kikapuni mchache uliobaki, kweli una alama za meno pembeni.

Wifi akachukua mmoja, akaugeuza. Akaangalia shina. Halikuwa na ule mzizi mrefu wa kichuguu.

"Mama, huu siujui."

"Mimi naujua."

"Umewahi kuula?"

"Ngedere ameula!"

"Ulimfuata alikokwenda, mama? Uliona kama kesho yake aliamka?"

Mimi nilikuwa nashika sahani. Nilitamani kucheka, nikaona macho ya mama, cheko likarudi tumboni. Mama alisema kwa sauti ya chini, ile mbaya kuliko ya juu, "Wewe binti, nina wageni sebuleni." Wifi akamwomba. Alimwomba kweli, kwa magoti. Akasema tuwape wali na mayai na mboga za majani, uyoga tuuache, tutasema umeungua. Mama akachukua sufuria kwa vitambaa viwili akageuka kuelekea sebuleni.

Wifi akaishika ile sufuria kwa mikono mitupu. Ilikuwa ya moto. Akamnyang'anya mama, akatoka nayo uani, akaimwaga yote kwenye shimo la taka, kisha akachota majivu akafunika, akaongeza na udongo kwa miguu ili kuku wasifukue. Dirisha la sebuleni linatazama uani. Wakwe wote waliona.

 Mama mkwe akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Kulikoni?" akauliza.

Wifi akaingia sebuleni na buti zake, viganja vimebabuka. "Ni mimi niliyemwaga chakula," akasema. "Mama hana kosa. Kulikuwa na uyoga nisioujua."

"Ulikuwa na sumu?" akauliza baba mkwe.

Hapo, jamani, neno moja tu lingetosha. Angesema "ndiyo", angekuwa shujaa, wakwe wangemshukuru, na mama angeshtuka akamshukuru Mungu. Akasema, "Sijui, baba."

Wageni walikula wali na mayai, wakaaga mapema. Mama aliwasindikiza akitabasamu, lakini nilijua lile tabasamu limeshikwa kwa pini. Aliporudi hakumtazama mtu. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Mwanamke amenivua nguo mbele ya wakwe zangu, na sababu hana."

Jioni tukaitwa wote. Mama akatoa masharti yake: ama wifi aseme mbele yetu ule uyoga ulikuwa sumu, yeye mama akubali amekosea, yaishe, ama aende kwa wale wakwe akawaambie ulikuwa mzuri na yeye ndiye aliyeharibu. Kaka akamvuta mkewe kando, karibu na mlango wangu, kwa hiyo nilisikia, na hata ningekuwa mbali ningesogea.

"Sema ulikuwa sumu," kaka akamsihi. "Nani ataupima? Uko chini ya majivu. Neno moja, mke wangu, tulale salama."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikisema leo naujua nisioujua, kesho muuza mkaa akileta mfuko wake nitamwambia nini? Watu wanalisha watoto wao kwa neno langu. Nimemkosea mama heshima, kwa hilo nitamwomba radhi hata kila siku. Lakini uyoga ule siujui."

Na kweli alimwomba radhi mama, mbele yetu, akilia. Mama akangoja amalize, akauliza, "Ulikuwa sumu?" Wifi akatikisa kichwa, hajui. Mama akainuka. "Basi jikoni mwangu usiingie."

Mnaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Njooni muishi kwenye uwanja mmoja na jiko moja halafu mfungiwe. Wifi akanunua jiko dogo la mafuta ya taa, akawa anapikia kwenye kizingiti cha vyumba vyao, amechuchumaa, mgongo ukielekea dirisha la mama. Kila asubuhi akipita kwenda kazini alisema, "Shikamoo mama." Mama aliangalia kuku. Kila asubuhi alisalimia, kila asubuhi mama akaangalia kuku. Kwa wakwe nako kimya, hakuna salamu wala ujumbe, mdogo wetu akakosa hamu ya kula. Kaka akaanza kuulizia vyumba vya kupanga upande wa pili wa mji. Mimi nilipomuuliza wifi kama atahama, alisema, "Nitamfuata mume wangu. Lakini nikitoka hapa, wifi, nani ataitika?" Nikamkaripia kwa kuacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja.

Mama naye hakuwa na raha, ingawa angekufa kabla ya kusema. Chumvi ilizidi kwenye mboga, mchele ulikuwa na mawe. Siku moja akajifunga kitambaa cha kichwa, akaniambia, "Nisindikize huko kwa wanyama. Nataka mkubwa wake ajue ameajiri mtu wa namna gani." Nikaacha kukata gauni la mteja katikati ya mkono, nikamfuata. Kitu kama hicho ningekikosaje?

Mkubwa mwenyewe hakuwepo. Tukaelekezwa jikoni. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamnyonyesha paa mchanga kwa chupa, na alipomwona mama, chupa nusura imponyoke. "Shikamoo mama, karibu." Mama hakuitika, lakini alikaa, kwenye kreti lililopinduliwa. Hapakuwa na kiti kingine.

Kutoka pale jikoni unaona banda kubwa la waya lenye mti ndani yake, makazi ya ngedere. Mmoja wao wanamwita Karani, maana hukaa juu akikodolea kila anayeingia kama anaandika mahudhurio. Mvua ilikuwa imenyesha, na chini ya mti, palepale ndani ya banda, uyoga ulikuwa umeota. Tukiwa tunatazama, Karani akashuka, akachuma mmoja, akaunusa, akauweka mdomoni.

Mama akaruka kutoka kwenye kreti. "Haya! Haya! Tazama mwenyewe! Mnafuga walimu humu ndani na hamsomi!"

Wifi akaweka chini chupa ya paa, akakimbia kwenye waya, akamtazama Karani kwa muda. Akamwita mwenzake wang'oe uliobaki. Kisha akarudi, akasema, "Mama, kesho njoo tena."

"Nije kufanya nini?"

"Kuona kama ameamka."

Mama njia nzima alikuwa akibwata. Lakini asubuhi alikuwa amejifunga kitambaa kabla sijafungua macho. Tulipofika, wifi alikuwa tayari bandani, amechuchumaa, anapekua kinyesi cha ngedere kwa kijiti, anaandaa matunda, anahakikisha Karani anakula. Na Karani, nawaapia, alikuwa mzima kuliko sisi sote. Alimnyang'anya mwenzake ndizi, akaning'inia kwa mkono mmoja, akatukodolea.

Mama akasimama, mikono kiunoni. Nilijua sasa wifi amekwisha. Angeweza kutafuta njia. Angeweza kusema ngoja keshokutwa, angeweza kusema leo anaonekana amelegea kidogo. Badala yake alimgeukia mama akasema waziwazi, "Mama, ulisema kweli. Ameula, na ni mzima."

Mama akaishusha mikono. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mwenzake amempa ushindi mkononi.

"Kwa hiyo unaliwa," mama akasema hatimaye.

"Na ngedere. Kuhusu wewe bado sijui." Akatabasamu kwa woga. "Na wewe siwezi kukujaribia, mama. Karani wapo wengi. Wewe nina mmoja."

Mimi niliangalia pembeni nikajifanya nakohoa. Mama akarudi jikoni taratibu, akakaa kwenye kreti lake. Wifi akaendelea kukata viazi vitamu.  Kisha mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena:

"Hiyo sumu mbaya yenyewe, inamfanyaje mtu?"

Wifi akafuta mikono. Akaeleza alivyoelezwa na daktari. Kwamba uyoga ule mbaya kabisa hauna haraka. Mtu anakula, anasifia, analala vizuri. Siku inayofuata tumbo linamkata, anatapika, anaharisha. Halafu linatulia. Anapata nafuu, anakaa, pengine anaomba chakula, nyumba nzima inafurahi. Kumbe ndani ini linaharibika. Baada ya hapo ndipo anapoondoka. Na kuchemsha hakuitoi sumu.

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani, karibu na kitambaa cha kichwa, umesahau ulikuwa unafanya nini.

"Aliomba uji," mama akasema.

"Nani, mama?" nikauliza.

"Mdogo wangu. Yule aliyenifuata." Sikuwahi kusikia mama ana mdogo aliyemfuata. "Ilikuwa mvua kama hizi. Tumbo lilimshika, tukadhani ni homa. Akapata nafuu. Akakaa kitandani akaomba uji, mama yangu akacheka, akakimbia kuukoroga mwenyewe. Alikunywa kikombe kizima. Mama aliimba siku ile. Walisema ni homa ya tumbo. Uyoga tulikula wote. Lakini yeye alipenda ule wenye alama za meno, alisema ngedere amemwachia."

 Mama akamgeukia wifi, na sijawahi kumwona mama yangu akimtazama mtu hivyo, kama mtoto anayesubiri kuambiwa.

"Ulikuwa uyoga, mwanangu? Mama yangu alimpa mwenyewe kwa mkono wake?"

Fikirini. Kila kitu alichokuwa akikitaka wifi kilikuwa mbele yake. Angesema "ndiyo, mama", basi: ndiye aliyeokoa nyumba nzima siku ya wakwe, jiko lake, mumewe na heshima yake vimerudi. Mimi mwenyewe kimoyomoyo nilikuwa nasema, sema, sema ewe mwanamke, mara hii tu!

Wifi akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji yenye maganda ya viazi, akashika ile mikono ya mama iliyofua nguo za watu.

"Sijui, mama," akasema. "Inaweza kuwa homa. Homa nayo hufanya hivyo. Hakuna anayeweza kujua sasa. Mama yako alimpa alichodhani ni kizuri. Hilo tu ndilo tunalolijua."

Mama alilia. Mama yangu, ambaye hakulia baba alipofariki, maana alisema ana nguo za kuanika, alilia kwenye kreti lililopinduliwa mpaka Karani akasogea kwenye waya kutazama. Wifi hakuondoa mikono yake. Mama alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akatazama viganja vya wifi, pale sufuria ilipombabua, ngozi mpya ikiwa bado nyekundu.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta tu."

"Mafuta gani hayo. Jioni njoo jikoni nikupake."

Huyo ndiye mama yangu. Radhi yake yote ilikuwa hiyo. Njiani kurudi alinikaripia kwa kutembea haraka. Jioni ile alimpaka viganja, na lile jiko dogo la mafuta ya taa aliliuza kwa muuza mkaa bila kumwuliza mwenyewe.

Wakwe? Walirudi. Ni mama mwenyewe aliyewaendea. Aliyowaambia huko sikuyasikia, na jambo hilo linaniuma. Siku waliyokuja tena, wifi aliwahi kutoka asubuhi, akarudi na kikapu cha uyoga wa kichuguu, mashina marefu yana udongo mwekundu. Wageni walikuwa wameshakaa. Mama akakichukua kile kikapu, na badala ya kwenda nacho jikoni, akakileta sebuleni, katikati ya vitambaa vyangu vipya, akamwita wifi aje na buti zake hivyo hivyo.

"Huyu," akawaambia wakwe, "ndiye aliyemwaga chakula chenu."

Baba mkwe akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Mama hakucheka. Alichukua uyoga mmoja kikapuni, akamnyooshea wifi mbele ya watu wote.

"Huu unaujua?"

Wifi akaupokea. Akaugeuza, akatazama chini ya kofia, akafuata shina kwa kidole mpaka mwisho, akaunusa. Wala hakufanya haraka kwa sababu ya wageni. Sote tulingoja, na mama alingoja kuliko wote.

"Huu naujua, mama."

Mama akauchukua, akaurudisha kikapuni, akaenda kuwasha jiko.